HEWA YA JUU NA SETILAITI: KWA NINI VYOMBO VYA ANGANI HUSHUKA?



Bila shaka mnakumbuka habari ya kijiji cha Mukuku, kule Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana kwenye saa tisa, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu. Upana wake ulikuwa mita 2.5 na uzito wake kilo 500 hivi, yaani uzito wa ng'ombe dume mkubwa. Shukuru hakuna aliyeumia. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaichukua, na baada ya uchunguzi wa kwanza likasema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi.

Tangu siku hiyo, kila tukitembelea vikundi tunaulizwa maswali matatu. La kwanza: kitu kilichorushwa juu kwa nguvu zote hizo, kwa nini kirudi? La pili: setilaiti zinazotuletea habari za mvua nazo zitaanguka? La tatu, na hili huulizwa kwa sauti ya chini: tukiokota chuma kama hicho, si ni chetu?

Haya ni maswali mazuri. Tukae chini tuyajibu moja moja.

HEWA HAINA DARI

Wengi wetu tunadhani hewa imefika mahali ikakoma, kama maji ya pipa yanavyokoma juu. Sivyo. Hewa hupungua polepole tu kadiri unavyopanda. Waliopanda Mlima Kenya wanajua. Kileleni Batian, mita 5,199 juu, hewa ni nusu tu na kidogo ya ile iliyoko pwani. Ndiyo maana mtu hutweta hata akiwa na nguvu za kubeba gunia.

Ukizidi kupanda inazidi kupungua. Ndege kubwa za abiria hupita kilomita 10 au 12 juu, na ndani yake ni lazima hewa isukumwe kwa mashine ili watu wapumue. Kilomita 100 juu, wataalamu wengi husema hapo ndipo anga za juu zinapoanza. Lakini hata hapo hewa haijaisha! Kilomita 400 juu bado kuna chembechembe za hewa. Ni chache mno, mtu hawezi kuzipumua wala kuzihisi, lakini zipo.

Sasa, setilaiti nyingi hupita katika hewa hiyo nyembamba. Hapo ndipo shida inapoanzia.

SETILAITI HUKAAJE JUU?

Setilaiti haining'inizwi na kitu. Wala injini yake haiungurumi mchana na usiku kama ya ndege. Hukaa juu kwa sababu ya mwendo wake tu. Ukitupa jiwe, linakwenda mbele huku likivutwa chini, mwisho linagusa ardhi. Ukilitupa kwa nguvu zaidi linafika mbali zaidi. Kama ungeweza kulitupa juu kule kwa mwendo wa karibu kilomita 8 kwa kila sekunde, lingekuwa linaanguka kila wakati, lakini kwa kuwa dunia ni mviringo, ardhi nayo ingekuwa inainama chini yake. Basi lingezunguka tu bila kugusa ardhi. Hiyo ndiyo setilaiti.

Huo mwendo si mchezo. Ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa dakika moja hivi. Setilaiti iliyo kilomita 400 juu huzunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu.

Tufikirie mtu aliyepanda boda boda. Akiwa amesimama stendi, hewa haimsumbui. Akikimbizwa barabarani, hewa ile ile inamsukuma kifua na kupeperusha koti. Kumbe hewa haikuongezeka, ni mwendo uliongezeka. Na setilaiti ni hivyo hivyo. Hewa ni kidogo sana, lakini mwendo ni mkubwa sana, basi kila mzunguko hewa inaigusa na kuirudisha nyuma kidogo. Inashuka. Ikishuka, inaingia katika hewa nzito zaidi. Ikiingia katika hewa nzito zaidi, inashuka haraka zaidi. Ni kama deni la riba: mwanzo hulioni, mwisho linakumaliza.

Kile kituo kikubwa cha kimataifa ambamo wanaanga huishi, kilomita 400 hivi juu, hushuka kama kilomita 2 kwa mwezi. Ni lazima kisukumwe tena juu kwa roketi kila baada ya muda. Kama hakuna wa kukisukuma, kitarudi chini.

JUA LIKIWAKA ZAIDI, HEWA HUFURA

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Hewa ile ya juu haikai kimya. Nayo ina hali yake inayobadilika, kama sisi huku chini tulivyo na masika na kiangazi. Lakini mvua na mawingu hayafiki huko. Anayeiamrisha zaidi ni jua.

Tazama maziwa jikoni. Yakiwa baridi yanakaa chini katika sufuria. Yakipata moto yanafura na kupanda. Mwiko uliouegemeza juu ya sufuria, ambao haukuguswa, sasa unaloa. Mwiko haukushuka, ni maziwa yamepanda. Jua nalo huipasha moto hewa ya juu, hewa inafura na kupanda, na setilaiti iliyokuwa ikipita mahali pembamba inajikuta katika hewa nzito. Katika kimo cha kilomita 400 au 500, uzito wa hewa waweza kuongezeka mara kumi kati ya miaka jua likiwa limetulia na miaka likiwa na ukali.

Ukali huo wa jua huja na kwenda kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Jua likiwa kali huonyesha madoa mengi meusi usoni mwake, na mara nyingine hutoa milipuko inayofika duniani kama dhoruba. Juzi tu, mwaka 2024, tulikuwa katika kilele cha mzunguko mmoja.

HABARI HII ILIANZIA PIA KWETU

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu na ya mbali tu. Sehemu ya elimu hii ilichimbwa hapa Kenya, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Huko Waitalia walijenga jukwaa la kurushia roketi likisimama majini kwa miguu ya chuma, wakaliita San Marco. Palichaguliwa kwa sababu ni karibu na Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia wenyewe huisaidia roketi kwa msukumo.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Kazi yake ilikuwa ni kupima hewa ya juu hasa. Mkuu wa mradi, Profesa Luigi Broglio, alibuni chombo chenye ganda jepesi la nje na kiini kizito cha ndani, vimeunganishwa kwa vitu vyenye kunyumbuka. Hewa ikilisukuma ganda, lilisogea kidogo kuliko kiini, na msogeo huo ukapimwa. Ndivyo walivyoipima hewa ambayo mtu hawezi hata kuihisi. Setilaiti hiyo yenyewe haikukaa mwaka. Oktoba mwaka huo huo hewa ilikuwa imekwisha kuishusha.

Halafu tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ikarushwa kutoka jukwaa hilo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikaendelea kuzunguka ikiwa kimya, na Aprili 1979 ikarudi katika hewa na kuteketea.

Mwaka ule ule wa 1979, tarehe 11 Julai, kikaanguka kituo cha Marekani kilichoitwa Skylab, chenye uzito wa tani zaidi ya 70. Wenyewe walikuwa wametumaini kitadumu mpaka chombo kipya kiwe tayari kwenda kukisukuma juu. Lakini jua lilizidi ukali kuliko walivyokadiria, hewa ikafura, kituo kikashuka kabla ya msaada kufika. Vipande viliangukia Bahari ya Hindi na magharibi ya Australia. Halmashauri ya mji wa Esperance huko iliwatoza Wamarekani faini ya dola 400 kwa kutupa takataka!

Mwaka mmoja, vyombo viwili, na jua moja likielekea kilele chake. Mnaona mfano wa maziwa unavyofanya kazi.

SETILAITI 38 KWA MARA MOJA

Mtu atasema hayo ni ya zamani, siku hizi watu wameerevuka. Basi sikilizeni. Tarehe 3 Februari 2022 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilirusha setilaiti 49 za Starlink za kuleta intaneti. Ziliachiwa chini kwanza, kilomita 210 hivi, ili zikaguliwe kabla ya kupandishwa. Siku iliyofuata dhoruba kutoka kwenye jua ikaifikia dunia. Haikuwa hata dhoruba kubwa. Lakini hewa ilifura, na msukumo wake ukaongezeka kufikia nusu nzima zaidi ya kawaida.

Mafundi waliziamuru zijigeuze ubavu, kama vile wewe ukibeba bati kwenye upepo unavyoligeuza ili upepo upite kando. Kwa nyingi haikutosha. Setilaiti 38 kati ya 49 zilirudi chini na kuteketea.

Funzo ni kwamba hata mwenye fedha na mashine nyingi hupanda mbegu bila kusoma mawingu. Hali ya hewa ya juu nayo inahitaji utabiri kama ya shambani.

JE, SETILAITI ZA MVUA NAZO?

Sasa swali la pili. Picha za mawingu ambazo wataalamu wa hali ya hewa pale Dagoretti Corner hutumia kutupa utabiri hutoka zaidi kwa setilaiti za Meteosat za nchi za Ulaya. Hizo ziko mbali sana, karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Huko hewa haina nguvu ya kuzishusha. Setilaiti nyingi za TV za dishi pia ziko huko. Kwa hiyo msiogope kwamba kesho zitawaangukia.

Lakini kuna setilaiti nyingine za kutazama mazao, misitu na mafuriko ambazo hupita chini, kilomita 500 hadi 800, ili zione vizuri. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, iliwekwa katika kundi la vyombo vya chini. Vilivyo kilomita 500 hushuka kwa miaka michache, vya kilomita 800 huweza kukaa karne kadhaa. Ndiyo maana mwenye setilaiti ya chini hupanga tangu mwanzo: itafanya kazi miaka mingapi, na nani atalipia ya kuchukua nafasi yake.

Hapa tuondoe makosa mawili ya kawaida.

Kwanza, mvua ikinyesha na picha ya TV ya dishi ikakatika, setilaiti haijaharibika. Mawimbi yake yanapita katika matone ya maji, na matone yanayanyonya. Mvua ikipita picha inarudi. Kwa hiyo usimpandishe kijana juu ya mabati yanayoteleza wakati wa radi, na usimlipe fundi kwa kosa ambalo ni la mawingu. Ngoja. Anga likitakata na picha haijarudi, hapo mwite fundi.

Pili, vikundi vingine hupima mashamba kwa simu inayoonyesha mahali. Simu hupata habari hizo kutoka kwa setilaiti, na mawimbi hupita katika tabaka la hewa ya juu lenye chembe za umeme. Kwetu tulio karibu na Ikweta, tabaka hilo hukosa utulivu hasa baada ya jua kutua, na vipimo vyaweza kuyumba. Mkipima kwa makadirio ya mbegu au mbolea, pimeni asubuhi. Mpaka wa shamba bado ni kazi ya mpima ardhi, si ya simu.

HEWA NI UFAGIO

Mpaka hapa mtu anaweza kuiona hewa ya juu kama adui. Tusihukumu haraka. Vyombo vilivyokufa, vipande vya roketi, parafujo na mabaki ya migongano, vyote vinazunguka huko kwa mwendo ule ule wa kutisha. Kipande kidogo kikigonga setilaiti nzima huweza kuiua. Hakuna mtu anayekwenda kuzoa takataka hizo. Anayefagia ni hewa. Huzishusha polepole, zikaingia katika hewa nzito na nyingi zikateketea.

Lakini ufagio huu sasa unapungua nguvu, na sababu ni moshi wetu wa huku chini. Hewa ukaa inayotoka kwa viwanda, magari na misitu inayochomwa huongeza joto karibu na ardhi. Juu kabisa, ambako hewa ni nyembamba, hewa ukaa hiyo hiyo hufanya kinyume: hutoa joto na kulitupa nje. Kwa hiyo hewa ya juu inapoa na kusinyaa, kama maziwa yaliyoondolewa motoni. Ikisinyaa, takataka hukaa juu miaka mingi zaidi. Ni yale yale tunayosema kuhusu mto: anayechafua chemchemi hajui nani atakunywa huko mbele.

KITU KIKIANGUKA KIJIJINI KWENU

Sasa swali la tatu, la kuokota. Kwanza msiwe na hofu kupita kiasi. Karibu asilimia 71 ya dunia ni maji, na sehemu kubwa ya nchi kavu haina watu. Vitu vingi huteketea kabla ya kufika. Vinavyofika ni vile vigumu, kama matangi na pete za chuma. Lakini Mukuku imetuonyesha kwamba inaweza kutokea, basi tujue la kufanya.

1. Msikiguse, na watoto wakae mbali. Vyombo vingine hubeba mafuta yenye sumu kali, na sumu huweza kubaki ndani ya tangi. Mwaka 1978 setilaiti ya Urusi ya wakati ule, Cosmos 954, iliangukia kaskazini ya Kanada ikiwa na mtambo wa nyuklia, na vipande vyake vilikuwa na mionzi. Huwezi kujua kwa macho.

2. Mwarifuni chifu au naibu wake, na polisi, siku hiyo hiyo. Wao wataita wataalamu.

3. Andikeni: tarehe, saa, mahali, nani aliona, nani alisikia. Pigeni picha kutoka mbali. Katibu wa kikundi ana daftari, hapo ndipo kazi yake.

4. Kama kuna hasara, iwe nyumba, mifugo au mazao, iorodhesheni na kuipiga picha kabla ya kusafisha. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa hasara kilichofanya ardhini, hata kama haikukosa kwa makusudi. Lakini madai hupelekwa na serikali, si na mtu binafsi, na hupewa muda wa mwaka mmoja. Kanada ilidai hivyo kwa ajili ya Cosmos 954, na mwaka 1981 ikakubaliwa dola milioni 3 za Kanada. Asiye na maandishi atadai nini?

5. Msikiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Chombo cha angani hubaki mali ya mwenyewe hata kikianguka shambani kwako. Tena chuma hicho ndicho ushahidi wenu. Mwenye kuuza kwa shilingi mia chache huenda ameuza fidia ya kijiji kizima.

MWISHO

Hewa tunayovuta hapa shambani ndiyo ile ile, ikiwa nyembamba mno, inayozigusa setilaiti kule juu. Jua likiifurisha inazishusha, ikisinyaa inaacha takataka. Hakuna ukuta kati yetu na huko.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu:

- Katika kijiji chetu, nani hutegemea habari zinazotoka kwa setilaiti, na kwa kazi gani? Zikikatika wiki moja tutafanyaje?
- Kitu kikianguka leo usiku, nani atamwarifu chifu, na nani ataandika?
- Je, watoto wetu shuleni wamefundishwa kutoshika chuma wasichokijua?

Jadilianeni, na majibu ya kikundi chenu mtuletee tukija kuwatembelea. Kwaherini kwa sasa.